Goti la Kijana ni la Nani? Matembezi ya Likoni, Changamwe na Kisauni



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, twawaalika leo wasomaji wetu, na hasa mama zetu na dada zetu, mtembee nasi. Hatwendi mbali. Mombasa ni kisiwa, na kila atokaye kisiwani huvuka maji: kusini kwa feri ya Likoni, magharibi kwa njia ya Makupa, kaskazini kwa daraja la Nyali. Tulivuka kote kutatu, alasiri tatu mbalimbali, tukifuatana na mwalimu mmoja wa madrasa aliyekuwa kipa ujanani mwake. Tulikwenda kutazama hali ya vijana wetu wachezao mpira katika timu ndogo za mitaani, na hasa yale yamfikayo mmoja wao siku anapoumia asiweze kucheza tena.

Huenda msomaji akauliza, sheikh na mpira wapi na wapi? Ukweli ni kwamba swali la mpira hutufikia darsani mara nyingi, na aghalabu aliletaye ni mama. Kijana akija huuliza kama funga yake yaswihi akicheza mchana wa Ramadhani. Mama huja kuuliza afanye nini na mwana aliyeletwa nyumbani akiwa amebebwa. Swali hilo la pili halijibiwi kwa neno moja, na ndilo lililotutoa majumbani mwetu.

Ng'ambo ya Likoni

Saa kumi na nusu alasiri kivuko cha Likoni hakipitiki kwa watu. Vibarua wa mjini warudi kwao, kina mama wa biashara wamebeba ndoo tupu vichwani, wanafunzi wakimbilia mahali penye kivuli. Aendaye kwa miguu halipi nauli katika feri hii, na kwa kijana wa timu ndogo hiyo ni neema kubwa, kwani hata nauli ya matatu aghalabu ameiazima. Tuliwaona watano au sita wakivuka nasi, njumu zao zimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni, wakicheka kama watu wasio na deni la mtu.

Tulishuka, tukashika njia ya upande wa Mtongwe. Uwanja tulioukuta ni kama viwanja vingi vya bara yetu: ardhi ngumu iliyokauka kwa jua, changarawe upande mmoja, na mawe ya matumbawe yachomozayo pale ambapo mvua imechukua udongo. Nguzo za magoli ni boriti. Mbuzi walikuwa wangali wakila pembeni. Mwenzetu aliyekuwa kipa akainama, akapapasa ardhi kwa kiganja, akatikisa kichwa. Tulimwelewa. Mguu upandwao kwa nguvu katika ardhi kama ile huganda chini ilhali mwili wageuka, na goti likabaki katikati likivutwa huku na huku.

Yafaa mama zetu wazijue ngazi za mpira wa nchi hii, kwani mwana akisema "nachezea ligi" neno hilo laweza kuwa na maana nyingi. Juu kabisa ipo Ligi Kuu. Chini yake ipo Ligi ya Taifa ya Supa, kisha Daraja la Kwanza, kisha Daraja la Pili, kisha ligi za kanda, za kaunti na za kaunti ndogo. Wana wetu walio wengi wako katika ngazi hizo za chini. Huko hakuna mshahara. Kuna nauli siku ikipatikana, kuna soda na mkate baada ya mechi, na kuna jezi ambayo hurudishwa jioni ile ile ili ikafuliwe pamoja na zenzake.

Basi kwa nini wacheze? Kwa sababu mlango wa juu ungali wazi, na wao wamesikia habari za waliopita. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa katika msimu wake wa tatu tu, timu ya Feisal ya hapa Mombasa ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Kenya, na wazee wetu wangali wakiisimulia. Karibuni zaidi, Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari, ilishika nafasi ya pili katika Ligi Kuu ya msimu wa 2018 na 2019, na mwaka 2019 ikatwaa kombe la shirikisho. Na sasa vijana wasikia kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kijana wa Likoni mwenye mguu mzuri atazama haya yote na kusema, "Mbona isiwe mimi?" Wala si wazo la kipumbavu. Wachezaji wengi wakubwa walianzia mahali kama pale.

Tulizungumza na kocha wao, mtu mzima mwenye kazi yake ya mchana mjini. Yeye ndiye kocha, ndiye mtunza jezi, na ndiye tabibu. Alitufungulia mkoba wa huduma ya kwanza bila ya kusita: bandeji mbili, pamba, chupa ya spiriti, na chupa ya maji yaliyokuwa baridi asubuhi. Machela hakuna. Tukamuuliza ni vijana wangapi wa timu yake walioacha mpira kwa sababu ya kuumia tangu aanze kuwafunza. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, akiwataja kimoyomoyo, vidole vya mkono mmoja vikaisha akahamia wa pili. Kisha akanyamaza, akapuliza filimbi, mazoezi yakaanza.

Upande wa Changamwe

Safari ya pili ilitupitisha Makupa hadi Changamwe, mji wa kazi. Hapa malori ya makontena hayakatiki mchana wala usiku. Hapa ndipo palipokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Ndege hushukia upande wa Port Reitz, na mtu akisimama Magongo asubuhi huona mito ya watu wakienda viwandani.

Tulikwenda Changamwe kwa sababu moja. Wazee wa pale wanakumbuka wakati ambapo mpira na ajira vilikuwa kitu kimoja. Mashirika na makampuni yalikuwa na timu zao, na kijana mwenye kipaji akiajiriwa huwa karani, dereva au fundi, akafanya kazi asubuhi na kucheza jioni. Akivunjika, alikuwa na pahala pa kurudi. Mguu uliokataa kukimbia haukumzuia kukaa mezani na kuandika. Leo timu kama hizo ni chache, na zilizopo haziwezi kuwachukua vijana wote.

Ndugu zetu, tufahamu sheria yasemaje. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake na kumfidia aumiaye akiwa kazini. Ina pia Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, iliyoweka msajili wa vyama vya michezo na baraza la kuamua migogoro yake. Lakini sheria ya kwanza yamsimamia aliyeajiriwa, na kijana wa timu ya mtaani hakuajiriwa na mtu. Hana mkataba wala karatasi yenye sahihi. Alicheza kwa mapenzi, na mapenzi hayana bima.

Tulimkumbuka hapo mtu mmoja wa mbali, Mwingereza Brian Clough. Huyu hakuwa mchezaji wa daraja la juu. Takriban maisha yake yote ya uchezaji aliyamaliza katika daraja la pili la kwao, kwa timu za Middlesbrough na Sunderland. Alifunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Tarehe 26 Disemba 1962, katika uwanja ulioganda kwa baridi, aligongana na kipa wa timu ya Bury, na kano za goti lake zikakatika. Alikuwa na miaka 27. Alihangaika karibu miaka miwili, akarudi kucheza mechi tatu tu, kisha akaacha. Mtu huyo huyo baadaye akawa kocha, na timu yake ya Nottingham Forest ikatwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980.

Twaieleza habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba goti likikatika, maisha hayakukatika. Ya pili ni kwamba Clough alikuwa na klabu iliyomwajiri. Baada ya kuumia alipewa vijana wa klabu awafundishe, na huo ndio ukawa mlango wake wa pili. Kijana wetu akiumia jioni ya Jumapili, asubuhi ya Jumatatu ni nani amfunguliaye mlango?

Nyumba moja ya Kisauni

Alasiri ya tatu tulivuka daraja la Nyali. Wazee wetu walivukia hapa juu ya daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Ukishavuka, mkono mmoja ni Frere Town, mahali walipowekwa watu waliokombolewa utumwani tangu mwaka 1875, na mbele yako ni soko la Kongowea na harufu yake ya maembe na vitunguu. Kisha njia yapanda kwenda Bakarani, Mlaleo na Mishomoroni, nyumba zakaribiana, na kila baada ya hatua chache pana msikiti au madrasa.

Tuliingia nyumba ya dada yetu mmoja ambaye jina lake tutalisitiri. Ni mama apikaye mahamri na mbaazi za nazi kila alfajiri mbele ya nyumba yake, na kwa biashara hiyo amesomesha watoto wanne. Mwanawe wa pili ana miaka 24. Alicheza winga wa kushoto katika timu ya daraja la chini, na watu wa mtaa watuambia kwamba siku za mechi zake maduka yalifungwa mapema.

Alitupokea mlangoni, akatupa mkono kwa adabu, akarudi nyuma kutupisha. Tuliona jinsi ashukavyo kizingiti: hugeuka ubavu, akatanguliza mguu mzima, kisha akauvuta ule mwingine. Tulipokaa, alitusimulia mwenyewe.

Ilikuwa mechi ya kawaida. Hakupigwa na mtu. Alikimbia, akasimama ghafla ili amhadae beki, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Alisikia goti likilia "ta!" kama kijiti kikavu. Mwenzake akambeba mgongoni hadi barabarani, akatiwa katika tuktuk, akafikishwa hospitali. Ikapigwa picha ya mifupa. Mifupa ikaonekana mizima, akaambiwa ashukuru, apumzike. Usiku ule goti likavimba likawa kama fenesi. Kesho yake wenye mapenzi naye wakamletea mkandaji, akamkanda kwa mafuta ya moto mpaka machozi yakamtoka. Mama akatoa bangili zake mbili za dhahabu, zile alizopewa siku ya harusi yake, zikauzwa kulipia dawa na safari za hospitali.

Baada ya wiki sita uvimbe ukashuka. Akatembea. Kila mtu akasema amepona, na yeye akaamini. Wakati huo huo zikaja habari kwamba timu ya daraja la juu itafanya majaribio ya wachezaji. Nani angemzuia? Akafunga bandeji, akaenda. Dakika ya kumi goti likamtoka chini yake, akaanguka pasipo mtu karibu naye. Tangu siku hiyo hakucheza tena. Alipopata hatimaye kupigwa ile picha ya ndani ya goti waiitayo MRI, ikaonekana kwamba kano ya katikati ya goti ilikuwa imekatika tangu siku ya kwanza, na gegedu zilizo baina ya mifupa zimesagika siku ya pili.

Hapa twawaomba mama zetu wasome polepole, kwani madaktari tuliowauliza wametueleza hivi. Picha ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Goti laweza kuwa na mifupa mizima na kano iliyokatika. Alama zake ni tatu: mlio wakati wa kuumia, uvimbe ujao upesi ndani ya saa chache, na baadaye goti lisiloaminika, likimtoka mtu anapogeuka. Uvimbe hushuka wenyewe, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, kwa sababu kutembea moja kwa moja hakuhitaji sana kano hiyo. Kugeuka ndiko kuihitajiko. Mchezaji arudiye uwanjani na kano iliyokatika huyatafuna magegedu yake kwa miguu yake mwenyewe. Hata afanyiwapo upasuaji wa kuunganishwa kano mpya, hushauriwa asirudi kucheza kabla ya takriban miezi tisa, akifanya mazoezi ya kurudisha nguvu muda huo wote.

Kijana alituuliza jambo moja tu, na halikuwa la mpira. "Maalim, goti halikunji. Nyumbani naswali juu ya kiti. Lakini msikitini naona haya. Wazee wa miaka sabini wanasujudu, nami nimekaa kitini kama babu." Kumbe hajaingia msikitini tangu mwaka uliopita, Ijumaa wala siku nyingine. Tulimkumbusha habari ya Imran bin Husayn, Allah amridhie, sahaba aliyekuwa na maradhi, na Mtume wetu akamwelekeza aswali akisimama, asipoweza, akikaa, asipoweza, kwa ubavu. Hukumu hii haikutajiwa umri. Kisha tukamweleza aweke kiti chake mwisho wa safu ili safu isikatike, na kwamba tukimwona Ijumaa tutakaa jirani naye.

Mama yake alikuwa kimya muda wote huo. Sasa akasema, "Maalim, nami nina langu. Huyu mdogo wake ana miaka kumi na mitano, na mguu ni ule ule wa kushoto. Tayari watu wa timu wanakuja mlangoni. Mimi akinisikia hanisikii, lakini wewe atakuogopa. Mwambie kwamba mpira ni haramu."

Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia. Tuliziona nyayo zake.

Jibu tulilompa

Tulimwambia dada yetu kwamba neno haramu si mali yetu. Mwanachuoni hana ruhusa ya kuharamisha alichokiacha Mwenyezi Mungu kuwa halali, hata kwa machozi ya mama. Asili ya michezo ya kuupa mwili nguvu ni uhalali. Mtume wetu mwenyewe alishindana mbio na bibi Aisha, Allah amridhie, na aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, bibi Aisha akitazama nyuma yake. Yako masharti, nasi tuliyataja: swala isipitwe, sitara baina ya kitovu na magoti ihifadhiwe kama madhehebu yetu ya Shafii yafundishavyo, matusi yasiwepo, na kamari isikaribie, kwani leo michezo ya bahati nasibu imewala vijana wengi kuliko majeraha. Lakini kuudanganya moyo wa mtoto kwa jina la dini ni hatari. Siku atakapojua kwamba tulimdanganya katika mpira, atadhani tumemdanganya pia katika swala.

Hata hivyo, hofu ya mama ni haki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuondoa madhara ni kanuni kubwa katika fiqhi, na mwili wa mtu ni amana yenye haki juu yake. Kwa hiyo tuliitazama hofu yake kwa makini, tukaona kwamba mpira haukumpokonya kijana yule goti peke yake. Kuteguka kulikuwa ajali. Yaliyofuata hayakuwa ajali: hakuna aliyejua alama za kano, hakuna aliyekuwa na fedha ya picha ya pili, na hakuna aliyemwambia "ngoja". Alipofunga mabao alikuwa mwana wa Kisauni nzima. Alipoanguka akawa mwana wa mama yake tu, na bangili zilizouzwa zilikuwa zake.

Mlinganisheni na kijana mwingine Mwislamu, Abdelhak Nouri wa Uholanzi, mwana wa wahamiaji wa Kimoroko. Msimu wa 2016 na 2017 aliteuliwa mchezaji bora wa daraja la pili la nchi ile. Tarehe 8 Julai 2017, akiwa na miaka 20, moyo wake ulisimama uwanjani katika mechi ya kirafiki ya Ajax, ubongo wake ukadhurika, na hakucheza tena. Mwaka 2018 klabu yake ilikiri hadharani kwamba huduma aliyopewa uwanjani haikuwa ya kutosha, na mwaka 2022 yakafikiwa mapatano ya kuilipa familia yake yuro milioni 7.85. Fedha haikumrudishia afya. Wazazi na ndugu zake ndio wamtunzao nyumbani. Lakini yupo aliyesimama na kusema, "Huyu alikuwa wetu, na jambo hili latuhusu." Timu zetu za mitaani hazina mamilioni ya yuro, wala hatuziombi. Neno lile la kusema kwamba "latuhusu" halina gharama.

Dada yetu hakutujibu. Alisema atafikiri. Twaiheshimu kauli yake.

Nasaha zetu

Kwa mama zetu. Mwana akianza kuchezea timu, msimzuie wala msimwachilie tu. Nendeni mkamwone kocha, muulize: akiumia, nani ampelekaye hospitali, na kwa fedha gani? Hakikisheni kila mtu wa nyumba amesajiliwa katika bima ya afya ya jamii, iliyochukua mahali pa ile ya zamani tangu Oktoba 2024. Asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kijana aliyevuka umri wa kutegemea wazazi ajisajili mwenyewe. Fedha hiyo huwekwa kidogo kidogo katika kikundi cha kina mama kama mwekavyo ya Idi.

Akiletwa nyumbani ameumia goti, asirudi kucheza siku ile. Barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe dakika kumi na tano au ishirini, irudiwe kila baada ya saa chache; goti lifungwe bandeji isiyobana sana; mguu uinuliwe juu ya mto. Siku tatu za mwanzo asikandwe wala asitiwe maji ya moto. Twawaheshimu wakandaji wetu, wana ujuzi waliourithi, lakini kukanda goti lililovimba upya huzidisha damu inayovuja ndani. Zikiwapo zile alama tatu, ombeni daktari wa mifupa alipime goti lenyewe kwa mikono yake, hata picha ikisema mifupa ni mizima. Mtume wetu ametuamrisha tutafute tiba, na kutafuta tiba ni pamoja na kuuliza mara ya pili.

Wenye mabinti wachezao shuleni wajue pia kwamba kano hii hukatika kwa wasichana mara nyingi kuliko kwa wavulana. Nao wana haki ya kulindwa vile vile.

Kwa makocha. Dakika ishirini za kupasha mwili moto kabla ya kila mazoezi, za kukimbia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, zimethibitika kupunguza majeraha kwa kiasi cha theluthi au zaidi. Hazihitaji kifaa. Na kabla ya mechi, wachezaji wote watembee uwanjani safu moja wakiokota mawe.

Kwa misikiti yetu na wenye mali. Mama aliyeingia deni kwa matibabu ya mwanawe, asiye na cha kulilipa, ni miongoni mwa wenye madeni waliotajwa katika mafungu manane ya zaka. Haombi hisani, ana haki yake humo. Twapendekeza kila mtaa wenye timu uwe na mfuko mdogo wa majeruhi, unaotiwa sadaka za Ijumaa mara moja kwa mwezi na kinachopatikana katika mechi, na daftari lake lishikwe na kina mama wawili waaminifu. Tumewaona kina mama wakishika vikundi vyao miaka na miaka bila ya shilingi kupotea. Mfuko kama huo ungalikuwapo Kisauni, ile picha ya pili ingalipigwa wiki ya kwanza.

Na kwa vijana wenyewe, neno letu ni fupi. Someni, na mshike fundi wa kazi moja, hata kama miguu yenu ni ya dhahabu. Na mwenzenu akianguka, msimwache. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mpitieni mwende naye mazoezini aketi nanyi, awahesabie muda, awafunze wadogo. Anaujua mpira kuliko aujuavyo yeyote katika nyinyi, na ujuzi huo haukukatika pamoja na kano.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape subira mama zao, uwafungulie vijana wetu milango ya heri pale ilipofungwa mingine, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaowabeba wenzao wanapoanguka. Amin.

Wabillahi tawfiq.